Pipa la Nyuma ya Jikoni

Nikikumbuka nyumba ile ya njia ya Kaptagat, la kwanza linalonijia si ukubwa wake wala miti iliyoizunguka. Ni mama, amesimama mbele ya mashine ya kuosha vyombo, ameufungua mlango, anagusa vikombe kimoja kimoja kwa mgongo wa mkono jinsi mtu anavyopima homa ya mtoto. "Bado," alikuwa akisema. Kisha anaufunga mlango, anatembea mpaka dirishani, anarudi, anaufungua tena. Vyombo vilikuwa vimeoshwa, hilo sikatai, lakini vilikuwa vimelowa chapachapa, sahani zikiteleza kwa maji baridi, vijiko vikiwa vimegandamana kwa ule mnato wa mafuta ambayo hayakutoka vizuri.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza shule mjini Eldoret na nasubiri kuitwa chuo cha ualimu. Kusubiri sikujaliwa. Kila asubuhi nilikwenda mpaka barabarani kuangalia kama kuna mtu anakuja na habari, nikarudi, nikazunguka nyumba, nikagombana na yeyote aliyenisogelea. Ndiyo maana ile mashine ilinipata vizuri. Nilihitaji kitu cha kupigana nacho.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Wazungu wa upande wetu walikuwa wakiuza na kuondoka, na watu walikuwa wakiungana kununua, maana mtu mmoja hangeweza peke yake. Baba alikuwa karani kwenye ghala la nafaka mjini. Yeye na wenzake, wengine wa kazini, wengine wa kanisani, wengi wao watu waliotoka magharibi kama sisi, walianzisha kampuni ndogo wakanunua shamba la mzungu mmoja aliyekuwa akihamia Afrika Kusini. Shamba lilikuwa la wote, halijagawanywa bado. Baba, kwa sababu alikuwa katibu wa kamati, alipewa nyumba kubwa akae na sisi, kwa sharti kwamba mikutano yote ifanyiwe pale na kwamba vitu vyote vilivyoachwa ndani viwe mali ya wanahisa mpaka mkutano mkuu uamue nani achukue nini.

Vitu vyenyewe vilikuwa vya ajabu. Kulikuwa na piano ambayo panya walikuwa wamezalia ndani, beseni la kuogea lenye miguu, na hiyo mashine. Ilisemekana mke wa mzungu hakuamini mikono ya mtu yeyote na sahani zake, kwa hivyo aliagiza mashine kutoka ng'ambo na kuwaacha wafanyakazi wa jikoni wakiitazama tu ikinguruma. Alipoondoka alibeba sahani, akaiacha mashine.

Mama hakutaka kitu kingine katika nyumba nzima. Miaka yote ambayo baba alikuwa akidunduliza kwa ajili ya hisa, mama alikuwa akiosha vyombo katika hoteli moja mjini, na kule walitumia magadi kuondoa mafuta. Magadi yalikula mikono yake. Vidole vilipasuka kwenye maungio, na kwenye baridi ya huku juu, ambako ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne, mipasuko ile ilikuwa ikitoa damu. Sasa alikuwa mke wa katibu, na kila mkutano wanahisa walikuja na njaa zao, na yeye ndiye aliyewalisha na kuwaoshea. Aliwaambia kamati bila kuzunguka kwamba piano wachukue, beseni wachukue, yeye wamwachie mashine.

Walicheka. Mwekahazina, mtu mnene aliyependa kusikika, alimuuliza kama hana binti. Wote wakanigeukia mimi niliyekuwa nimebeba sinia, na nilitamani kuliangusha mapajani mwake. Lakini baba alisema lazima jambo liende kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe ukawa huu: mashine ikifanya kazi kama mashine mpaka mkutano mkuu ufike, itabaki kwa mama. Isipofanya kazi itauzwa kwa hoteli yoyote itakayoitaka, na mama arudi kwenye karai.

Kabla sijaendelea, lazima niseme habari ya pipa, kwa sababu lilitangulia.

Siku ile tulipohamia, wanahisa walikuja kukagua nyumba yao. Walipita chumba kwa chumba wakigonga kuta, na walipotoka nyuma ya jikoni wakakuta kibanda cha mabati kilichosawijika kwa moshi. Ndani yake kulikuwa na pipa kubwa la chuma limelazwa juu ya mawe, chini yake majivu ambayo bado yalikuwa na joto. Bomba moja liliingia ubavuni, jingine likatoka juu na kupinda kuelekea ukutani. Karibu nalo alisimama mwanamume mmoja amekumbatia kuni. Alikuwa mmoja wa wafanyakazi wa zamani wa mzungu, aliyezaliwa pale pale shambani, na alikuwa akiishi na mke na watoto katika laini, yaani vile vyumba vya wafanyakazi kule chini.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na babu yangu, baba yake, pombe ndiyo iliyommaliza. Alikuwa amewahi kuona mitambo ya chang'aa ikitolewa vichakani na askari na kuwekwa hadharani: pipa, moto, bomba linaloingia na bomba linalotoka. Akasimama. Niliona shingo yake ikikakamaa.

"Ni ya maji, Mzee," yule mtu alisema, hata kabla hajaulizwa.

"Maji gani inapikwa kwa pipa?" baba akasema, na wanahisa wakacheka.

Waliagiza sururu. Baba ndiye aliyepiga wa kwanza. Pipa lilipopasuka yalitoka maji, maji matupu ya uvuguvugu, yakatiririka mpaka miguuni mwetu. Mtu yeyote angesimama hapo na kufikiri. Lakini mwekahazina alisema bila shaka walisikia tunakuja wakaliosha, na maelezo hayo yakamtosha kila mtu. Mama aliinama akachovya kidole kwenye maji yale, akanusa, akasimama tena. Hakusema kitu. Baba aliomba pale pale, kichwa wazi, akashukuru kwamba shamba limesafishwa tangu mwanzo, na yule mtu akaambiwa aondoke na familia yake kabla ya Jumapili. Fundi wa bomba aliletwa kuunganisha ncha za mabomba yaliyokatwa ili maji yasimwagike ovyo. Jumamosi lori la mfanyabiashara Msomali, aliyekuwa akibeba mahindi ya shamba, liliwachukua. Mkewe alikaa juu ya magodoro, mgongo wake kwetu.

Sasa nirudi kwenye mashine.

Ilikuwa na kitufe cha kuzungusha, na juu yake maneno ya Kizungu: kuosha, kusuuza, kukausha. Mimi ndiye niliyesoma, kwa hivyo mimi ndiye niliyezungusha. Ilianza kunguruma, sakafu ikatetemeka, maji yakapiga kuta zake kwa ndani kama mvua ya kwetu, na mama akakaa kwenye kiti mikono imekunjwa mapajani. Ilipofika kwenye kukausha ikanyamaza kwa muda, ikapumua kidogo, ikazima. Tukafungua. Vyombo vilikuwa vinachuruzika.

Nilianza kwa kulaumu mpangilio. Tulikuwa tumevipanga ovyo, sahani zimelaliana, vikombe vimetazama juu. Nikavigeuza vyote vitazame chini na kuacha nafasi kati yao. Vikatoka vimelowa. Nikalaumu sabuni, maana tulitia ile ya kufulia na povu lilikuwa limetoka mpaka chini ya mlango. Tukapunguza, tukabadilisha, tukajaribu bila sabuni kabisa. Vikatoka vimelowa. Nikafungua kile kichujio cha chini, nikatoa mfupa wa kuku, kifungo cha shati na uchafu mwingine ambao sitautaja, nikajiona nimeshinda. Siku hiyo niliimba jikoni. Vikatoka vimelowa vile vile.

Mama hakunilaumu, na hilo liliniudhi zaidi. Alichukua kitambaa akafuta kimoja kimoja, kitambaa kikalowa, akachukua kingine. Kule juu kitambaa chenyewe hakikauki. Unakianika asubuhi, jioni unakikuta kizito kuliko ulivyokiacha. Kwa hivyo alikuwa anaosha kwa mashine, anafuta kwa mkono, kisha anafua vitambaa vya kufutia, na mikono yake ilikuwa kwenye maji kuliko zamani. Nilimwambia tuirudie sabuni na karai tuache upuuzi. Akaniuliza kama mimi ndiye nitakayesimama mbele ya mwekahazina kumwambia hivyo.

Fundi wa stima aliletwa kutoka mjini. Aliifungua nyuma, akachungulia, akagusa nyaya, akasema moyo wa mashine ni mzima na kipepeo cha upepo kinazunguka. Akanywa chai. Alipokuwa anaondoka alituambia labda baridi ya huku imezidi, mashine hizi ni za nchi za joto. Nilimwambia kwamba Wazungu waliozitengeneza wanatoka kwenye theluji. Baba akanikemea kwa kumjibu mgeni vile, na alikuwa na haki, lakini na mimi nilikuwa na haki.

Siku zilikuwa zinasogea. Mkutano mkuu ulikuwa umekaribia, na nyumba nzima ikashikwa na ule wasiwasi. Baba aliandika kumbukumbu zake, akazichana, akaandika tena. Mimi nilikuwa nikiamka na kwenda kuangalia mashine kabla sijanawa uso. Mama alikuwa akitembea. Alitembea kutoka jikoni mpaka varanda, kutoka varanda mpaka kwa kuku, na popote alipokuwa aliendelea kujisugua viganja kana kwamba anavikausha.

Jambo lenyewe lilijitokeza siku ya mvua, tukiwa tunatengeneza chai. Mama alikuwa ameshika sahani iliyotoka kwenye mashine, imelowa, akaiweka mezani. Kisha akachukua birika lililokuwa likichemka akaimwagia sahani ya pili kuondoa ukoko wa uji, akaiegemeza ukutani. Tulikuwa tunazungumza habari ya kuni mbichi. Katikati ya sentensi akanyoosha kidole ukutani. Ile sahani aliyoimwagia maji yaliyochemka ilikuwa inatoa mvuke, na mbele ya macho yetu ikawa kavu, bila kitambaa, bila jua, bila upepo. Ile nyingine ilikuwa bado imelala na maji yake.

"Sahani ikipata moto inajikausha," mama alisema polepole. "Hii mashine inataka maji ya moto."

Nilimwambia kitufe hakina pahali pa moto, nilikuwa nimekisoma mara nyingi kuliko Biblia. Akasema labda moto hautoki kwenye mashine. Akainama chini ya sinki. Mabomba mawili yalikuja kutoka ukutani, na bomba la mashine lilikuwa limefungwa kwenye lile la kushoto, lenye mfereji uliopakwa rangi nyekundu. Mifereji miwili ilikuwa kila mahali katika nyumba ile, jikoni na bafuni, na sisi tulikuwa tumeamua siku ya kwanza kwamba mzungu aliweka ule wa pili kama spea, ukiharibika mmoja mtu afungue mwingine. Hatukuona ajabu kwamba yote miwili inatoa maji baridi. Maji ya kuoga tulichemsha kwenye sufuria, kama tulivyochemsha maisha yetu yote.

Mama alitoka nje na mvua ile bila kujifunika. Nilimfuata. Alipapasa ukuta kwa nje mpaka akalipata bomba pale linapotokea, akalifuata kwa mkono, likashuka, likapinda, likaingia ndani ya kile kibanda cheusi cha mabati. Lilifika juu ya mawe yaliyoungua, na hapo ndipo penye kile kiungo kipya alichokiweka fundi wetu, kinachong'aa bado. Pipa lenyewe lilikuwa limetupwa pembeni, tundu la sururu limetazama juu na limejaa maji ya mvua.

Nilielewa yote mara moja: pipa lile ndilo lililokuwa likichemsha maji ya nyumba nzima. Nilimtazama mama. Uso wake ulikuwa umelowa na sikuweza kujua ni mvua au nini.

"Mimi nilinusa," alisema. "Nilinusa yale maji na nikajua si pombe. Nikanyamaza kwa sababu watu walikuwa wengi."

Jioni alimwambia baba mezani, kwa maneno machache, na hakuinua sauti. Baba aliacha kutafuna. Alibisha kwanza. Alisema hata kama pipa lilikuwa la maji, nani anajua usiku lilipikiwa nini. Mama aliendelea kumtazama. Baba akabisha tena, kwa sauti ya chini zaidi, kisha akainuka, akaenda dirishani akasimama na mgongo wake kwetu. Aliporudi alikuwa ameshapata njia. Alisema watanunua pipa lingine mjini, litawekwa, maji yatachemka, na wanahisa wataambiwa tu kwamba mtambo wa maji ulikuwa umeoza kwa kutu. Mashine itabaki kwa mama. Kila mtu atakuwa sawa.

"Na yule mtu?" mama akauliza.

"Si alienda."

"Hakuenda. Sisi tulimfukuza. Wewe umeomba Mungu juu ya kichwa yake, umemshukuru." Mama aliondoa sahani ya baba mbele yake ingawa hakuwa amemaliza. "Hiyo mashine sitaiwasha. Nunua pipa kumi kama unataka. Umtafute kwanza, umwambie na mdomo yako."

Sikuwahi kumsikia mama akisema na baba hivyo. Baba aliondoka mezani. Siku zilizofuata hakukaa. Alitembea shambani tangu asubuhi, akakagua ua ambao haukuwa na tatizo, akaenda kazini mapema na kurudi amechelewa, akaacha chai ipoe. Kanisani aliombwa aongoze sala akasema koo linamuuma. Mama aliosha vyombo kwenye karai, vyote, bila kuniruhusu nimsaidie, na mashine ikakaa hapo mlango wazi. Niliwakasirikia wote wawili kwa zamu. Nilimwona baba mnafiki na mama mkatili, na siku iliyofuata nikaona kinyume chake.

Jumamosi moja baba aliniambia nivae viatu tuende mjini. Hakuniambia ni kwa nini na sikuuliza. Tulikwenda moja kwa moja kwenye duka la yule Msomali mwenye lori. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu zilizopakwa hina, na alikuwa na desturi ya kukumbuka kila mzigo aliowahi kubeba. Baba alimuuliza mzigo ule wa kutoka shambani aliushusha wapi. Mzee alimtazama kidogo, akasema aliushusha mtaa wa Huruma, na kwamba hakuchukua nauli maana watoto walikuwa wanalia. Akatuelekeza njia.

Huruma wakati huo ilikuwa inaanza kujaa. Vyumba vya kupanga vilikuwa vimepangwa mstari kwa mstari, udongo mwekundu mpaka kwenye vizingiti, na watu waliotoka kila upande kutafuta vibarua. Baba alitembea mbele yangu na koti lake la kanisani, akikanyaga kwa uangalifu. Tuliuliza mara mbili, na mtu wa tatu alitazama koti la baba kwa mashaka kabla hajatuonyesha uchochoro.

Harufu ndiyo iliyotupokea. Hata mimi niliyekulia katika nyumba ya sala niliijua. Nyuma ya chumba cha mwisho, chini ya kipande cha turubai, palikuwa na moto, na juu ya moto pipa dogo, na kutoka kwenye pipa bomba jembamba lililopita ndani ya karai la maji na kudondoka kwenye chupa. Mwanamke aliyekuwa akichochea moto aliinua uso. Ni yule yule aliyekaa juu ya magodoro. Alimtambua baba kabla baba hajavua kofia.

"Mzee," alisema, wala hakushtuka, "umekuja kumwaga?"

Baba alivua kofia. Akasema la, hakuja kumwaga.

"Siku ile tulikuwa hatupiki," yule mama akasema. "Hata siku moja, hatujapika. Sasa ndiyo napika."

Alilisema kama mtu anayeeleza bei ya kitu. Baba alikuwa amesimama kofia mkononi, moshi ukimwingia machoni, na hakuyapangusa. Alisema amekuja kumwambia kwamba alikosea. Alisema pipa lilikuwa la maji, ameona mwenyewe, na kwamba mume wake alisema kweli na yeye hakumsikiliza. Aliomba amwone mume. Yule mama akasema mume wake yuko kiwanda cha mbao, analala huko huko, anakuja mwisho wa mwezi, na habari ya pipa huwa haongei tena. Baba akasema chumba chao kule laini kiko wazi, na kazi ya kuwasha moto ni yake bado kama anaitaka, yeye mwenyewe atawaambia wanahisa.

Yule mama alisukuma kuni ndani. Alituambia watoto wameingia shule hapa hapa mjini, na hawezi kuwatoa tena waende mahali ambapo mtu akiamka vibaya anaweza kuwafukuza. Aliongeza kwamba mume wake akija atamwambia tulikuja. Kisha mteja akabisha mlangoni kwa mbele, naye akainuka, akajipangusa mikono kwenye leso, akaenda kumhudumia. Tulisubiri. Hakurudi, na baada ya muda tukaelewa kwamba tulikuwa tumeshaagwa.

 Njiani, tulipofika kwenye daraja la mto, baba alisimama, akashika ukingo, nikafikiri anatapika. Nilikuwa nimemkasirikia wiki nzima, na pale darajani hasira yote ikaniisha kabisa, nikabaki na huruma ambayo sikujua niiweke wapi. Nilimshika kiwiko. Aliniacha nimshike mpaka tukafika stendi.

Katika mkutano mkuu alisimama kabla ya ajenda yoyote. Aliwaeleza wanahisa habari ya pipa tangu mwanzo, na alipofika kwenye ile sala yake ya kushukuru, alirudia maneno aliyoyatumia, neno kwa neno, na nilitazama chini. Walisikiliza. Baadhi yao walikuwa wameshika sururu siku ile. Mwekahazina alikohoa, akasema mambo kama hayo hutokea, kisha akauliza kama sasa mashine inakausha. Baba akasema pipa jipya limewekwa na tunaweza kujaribu. Wakaja jikoni wote wakabanana mlangoni. Mama, aliyekuwa ameshasikia habari yote ya Huruma, aliwasha. Safari hii mvuke ulijaa dirishani, na tulipofungua mlango vikombe vilikuwa vikavu na vya moto kiasi kwamba mwekahazina alikishika kimoja akakiachia. Walipiga makofi. Wakapitisha kwa kauli moja mashine ibaki, na wakahamia kwenye habari ya mbolea.

Mama alipona mikono. Ilichukua muda lakini mipasuko ilifunga, na mimi niliitwa chuoni nikaondoka. Kamati ilitaka kuajiri mtu wa kuwasha moto wa pipa, kijana yeyote wa laini, kazi yenyewe si nzito. Baba alikataa. Kila alfajiri, kabla ya kwenda mjini kwenye kazi yake ya ukarani, alitoka na koti kuukuu, akapasua kuni, akapiga magoti kwenye ule ukungu na kupuliza mpaka moto ushike. Nilipokuja likizo nilikuwa nikimsikia akikohoa moshi huko nyuma. Wazee wenzake wa kanisa walimwona, ikawakera. Mmoja alimwambia waziwazi kwamba si heshima, mwenye shamba kufanya kazi ya kibarua wakati watu wa kuajiriwa wamejaa.

"Hiyo kazi iko na mwenyewe," baba alimjibu. "Mimi nimemshikia tu."

Alimshikia kazi ile mpaka mwaka ule shamba lilipogawanywa na tukahama nyumba, na hakuna aliyekuja kuipokea.